Ubao wa Mazoezi Wenye Taa: Vidole Unavipata, Baraza Ulitafute Mwenyewe

Kwa karibu miaka miwili sasa nimekuwa nikipanda, jioni tatu kila wiki, kwenye ubao wa mazoezi wenye taa: ule ubao mpana uliomwinamia mpandaji, uliojaa vishikizo vilivyofungwa kwa safu zilizonyooka, ambao ukishaunganishwa na simu huwasha taa kwenye vishikizo vichache tu na kuviacha vingine gizani. Vile vilivyowaka ndivyo fumbo lako, yaani njia fupi unayotakiwa kuipanda kwa kutumia hivyo tu. Ukumbi ninaofanyia mazoezi uliununua kwa hoja moja ambayo wasimamizi hawakuchoka kuirudia, kwamba mabingwa wa dunia wanajifua kwenye mbao za aina hiyohiyo, zenye vishikizo vilevile na mwinamo uleule, na kwa hiyo kilichobaki kati yetu na wao ni bidii tu.

Hoja hiyo ina mvuto, na ndiyo iliyonifanya niandike tathmini ndefu kuliko inavyostahili bidhaa ya mbao na plastiki. Yeyote anayefuatilia mashindano ya kupanda kuta za ndani anajua kwamba ushindi haukugawanywa sawasawa duniani. Slovenia, nchi ya watu takribani milioni 2.1, imetoa mpandaji ambaye wengi humhesabu kuwa bora kuliko wote waliowahi kushindana. Japani hujaza fainali kana kwamba mashindano yamefanyiwa nyumbani kwao. Ufaransa, Austria na Korea Kusini hazikosekani, ilhali nchi nyingine kubwa, zenye fedha na kumbi za kifahari, hubahatisha mpandaji mmoja baada ya miaka. Kama siri ya tofauti hiyo ingekuwa ndani ya ubao, basi ubao ungeisafirisha popote unapouzwa. Nimeupa muda wa kutosha wa kuisafirisha, na maoni yangu ni kwamba umefikisha nusu ya mzigo.

Nusu iliyofika ilitoka Sheffield, Uingereza. MoonBoard, ambao ndio maarufu zaidi kati ya mbao hizi, ulibuniwa na Ben Moon, ambaye mwaka 1990 alipanda njia iitwayo Hubble katika mwamba wa Raven Tor, njia ambayo kwa wakati ule ilihesabiwa miongoni mwa ngumu kuliko zote duniani. Yeye na wenzake, akiwemo Jerry Moffatt, hawakuzipata nguvu zile kwenye miamba peke yake. Walizipata kwenye mbao za kujitengenezea, na katika miaka ya 1990 walikuwa na chumba chao ndani ya jengo lililokuwa shule, ndiyo maana mahali hapo pakaitwa School Room. Mvua za huko hulowesha miamba kwa miezi, na mtu anayetaka kupanda bila kungoja hali ya hewa hana budi kujifungia ndani. Kilichozaliwa humo kilikuwa mazoea ya watu wachache wanaojuana, wanaorudi kwenye ubao uleule, juu ya vishikizo vidogo vinavyouma, wakitegana mafumbo ambayo aliyeyatunga ameshayapanda na sasa anakaa godoroni kuwatazama wengine wakihangaika. Wajerumani walikuwa na la kwao pia: mwaka 1988, katika ukumbi mmoja wa Nuremberg, Wolfgang Güllich alipigilia vipande vyembamba vya mbao kama vidato vya ngazi na kuvipanda kwa mikono mitupu bila kuweka miguu, na miaka mitatu baadaye akaipanda njia iitwayo Action Directe kwenye miamba ya Frankenjura. Wafaransa mpaka leo huliita zoezi hilo kwa jina lake.

MoonBoard wa kwanza ulitoka mwaka 2005, na wazo lake lilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Safu za wima ni 11, za mlalo ni 18, mwinamo ni nyuzi 40 kutoka wima, na kila kishikizo kina mahali pake na upande wake wa kuelekea, visivyobadilishwa. Anayeufunga ubao huo mahali popote kwa kufuata ramani anapata ukuta uleule walio nao wengine wote. Fumbo likitungwa na mtu mmoja leo, kesho mtu wa bara jingine anaweza kulijaribu bila kubadilisha chochote. Taa na programu ya simu zilikuja baadaye, na zikaondoa kazi ya kuchosha ya kuhesabu safu na kukumbuka vishikizo: kijani ni pa kuanzia, buluu ni pa kupitia, nyekundu ni pa kumalizia. Mbao nyingine zilizofuata zilirekebisha yale ambayo huu wa kwanza uliyaacha. Tension Board ulileta vishikizo vingi vya mbao, ambavyo havikwaruzi ngozi kama plastiki, na ukavipanga kwa ulinganifu ili fumbo la mkono wa kulia ligeuzwe likawa la mkono wa kushoto. Kilter Board ulileta vishikizo vikubwa na laini zaidi, na fremu inayobadilishwa mwinamo, hivyo fumbo moja linaweza kuwa mchezo wa mwanafunzi asubuhi na adhabu ya bingwa jioni.

Sasa nieleze ubao wenyewe unavyofanya kazi mwilini, kwa kuwa hapo ndipo unapostahili sifa. Kwenye mwinamo wa nyuzi 40 uzito wa mwili hauning'inii chini ya mikono tu, bali unavutwa mbali na ukuta, na kinachoushikilia ni vidole kwa juu na vidole vya miguu kwa chini, huku kiwiliwili kizima kikiwa kamba iliyokazwa baina ya ncha hizo. Mguu ukiteleza, mwili unabembea nje, na kishikizo ambacho dakika iliyopita kilionekana kinafaa kinakuwa mdomo wa sahani yenye mafuta. Kuna fumbo moja lililonichukua wiki sita. Lina miondoko saba, na sita kati yake nilizimudu siku ya kwanza. Mwondoko wa nne ndio uliokuwa na neno: mkono wa kushoto umebana ukingo usiozidi upana wa nusu ya kifundo cha kidole, mguu wa kulia uko juu karibu na nyonga, na mkono wa kulia unatakiwa kwenda mbali, kwenye kishikizo cha mviringo ambacho hakina pa kukamata. Nilikuwa nikirukia kwa nguvu na kuanguka, nikirukia tena na kuanguka. Wiki ya tano mwenzangu mmoja, aliyekuwa akifunga viatu vyake na ambaye sikumwomba ushauri, alisema, "Ndugu yangu, unavuta kwa mkono kazi iliyokuwa ya kisigino." Nikageuza kisigino nje kidogo, goti likaingia ndani, nyonga ikasogea ukutani, na mkono ukafika bila kelele. Nguvu nilikuwa nazo tangu wiki ya pili. Nilichokosa ni yule mtu.

Ninalikumbuka tukio hilo kila nikisikia ubao ukisifiwa kuwa mwalimu. Ubao ni mizani nzuri sana. Hukupima bila upendeleo, hukurudisha kwenye fumbo lilelile baada ya miezi sita ili ujue kwa hakika kama umeongezeka, na vidole vyangu vimeongezeka kweli, kwa kiasi ambacho miaka minne ya awali ya kupanda njia za kawaida haikunipa. Mafumbo yaliyoteuliwa kuwa vigezo vya daraja la ugumu, hasa kwenye MoonBoard, yana heshima yake, kwa sababu yamejaribiwa na watu wengi mno kiasi kwamba ubishi umekwisha, ukilipanda umelipanda. Lakini mizani haimfundishi mtu kubeba.

Hapo ndipo Japani inapoingia. Ukitazama kuta za kumbi nyingi za huko, hasa zile ndogo za mijini, unaona jambo ambalo macho yaliyozoea kumbi za kisasa zenye nafasi kubwa na vishikizo vichache vya rangi za kupendeza hulihesabu kuwa fujo: vishikizo vimesongamana bega kwa bega, vya kila umbo, na mafumbo yanaonyeshwa kwa vipande vya utepe vilivyobandikwa kando yake. Msongamano huo una faida yake. Kwanza, mpandaji hasomi njia kwa rangi inayomrukia machoni, bali huitafuta ndani ya msitu, na macho yake huzoea kupima kila kishikizo. Pili, katika ukuta wa namna hiyo yeyote anaweza kutunga fumbo papo hapo kwa kuonyesha kwa kidole, na watu hukaa chini yake kwa zamu, mmoja akiongeza mwondoko, mwingine akiuondoa, wa tatu akipata njia ambayo mtunzi hakuifikiria, huku wote wakimpigia kelele za "ganba!", yaani jikaze, aliye juu. Madaraja yao nayo yamekopwa kutoka kwenye judo na mchezo wa go: unashuka kyu, ngazi za mwanafunzi, moja baada ya nyingine hadi ya kwanza, kisha unaanza kupanda dan, ngazi za waliobobea. Kwa hiyo daraja linasomeka kama hatua ya mwanafunzi katika fani, jambo ambalo nadhani huwapa watu subira ya kukaa muda mrefu kwenye ngazi moja bila kuona aibu.

Watu waliotoka katika mazingira hayo wanajulikana. Yuji Hirayama alichukua Kombe la Dunia la kupanda kwa kamba mwaka 1998 na tena mwaka 2000, kisha akafungua ukumbi wake mwenyewe, na kizazi kilichofuata kikamkuta pale kama mtu wa kawaida wa kusalimiana naye. Akiyo Noguchi alianza kupanda akiwa mtoto, baada ya kuujaribu ukuta wa burudani kwenye likizo huko Guam. Baba yake, mfugaji wa ng'ombe, akamjengea ukuta nyumbani, na binti huyo akawa bingwa wa jumla wa Kombe la Dunia la mafumbo mafupi, yale yanayopandwa bila kamba, katika miaka ya 2009, 2010, 2014 na 2015. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alipata medali ya shaba nyuma ya Mjapani mwenzake Miho Nonaka. Sorato Anraku alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa bado kijana wa miaka 17. Ukiwapanga hawa mstari mmoja unaona kitu ambacho hakuna ubao unaokileta kwenye kasha: kila kizazi kilipanda mbele ya macho ya kizazi kilichofuata, ukuta mmoja, jioni moja.

Kuna wanaoeleza mafanikio ya Wajapani kwa miili yao, eti ni wepesi na wafupi. Maelezo hayo sina subira nayo. Mwaka 2024 mjini Paris, Ai Mori, mwenye kimo cha sentimita 154, alishindwa hata kulianza fumbo la kwanza la fainali kwa kuwa kishikizo cha kuanzia kilikuwa juu kuliko alipofika kwa kuruka, na bado alimaliza wa nne, baada ya kuongoza wote katika sehemu ya kamba. Wapandaji warefu nao wapo wengi fainalini. Mwili husaidia hapa na kukwamisha pale. Haujapata kueleza kwa nini mji mmoja hutoa mabingwa watano na mji jirani usitoe hata mmoja.

Slovenia ni kisa tofauti, na kwangu mimi ndicho kinachoutia ubao aibu zaidi. Janja Garnbret alishinda dhahabu Tokyo na Paris, na mwaka 2019 alishinda mashindano yote sita ya Kombe la Dunia ya mafumbo mafupi ya msimu huo, jambo ambalo halikuwahi kufanywa. Ni rahisi kumwona kuwa ajabu iliyotokea mara moja, mpaka ukumbuke waliomtangulia: Martina Čufar alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2001, Mina Markovič akachukua Kombe la Dunia la kamba mara tatu, Domen Škofic mwaka 2016, Jernej Kruder akachukua la mafumbo mafupi mwaka 2018. Nchi hiyo imeuweka mlima wa Triglav kwenye bendera yake. Chama chake cha wapanda milima kina mizizi tangu mwaka 1893, na klabu zake zimewalea watoto mikononi mwa wakufunzi waliosomea kazi hiyo, wanaowajua kwa majina na kuwafuatilia kwa miaka. Mtoto anayeingia klabuni hakuti ukuta na bei ya kiingilio tu. Hukuta kikundi cha rika lake, mtu mzima anayemsahihisha, na dada mkubwa aliyerudi juzi kutoka mashindanoni. Mji wa Kranj ulipokea Kombe la Dunia kwa miaka mingi, kwa hiyo hata asiyesafiri aliwaona waliofika kileleni wakipanda mbele yake.

Ufaransa ilipitia mlango wa shule, ambako kupanda ni sehemu ya masomo ya michezo na kuta zimejengwa katika kumbi za shule nyingi, juu ya urithi wa mawe ya msitu wa Fontainebleau ambako saketi (mifuatano ya mafumbo) za kwanza zilizowekewa alama ni za miaka ya 1940. Austria ina kundi la Imst, mji mdogo wa Tyrol uliomlea Angela Eiter, na Innsbruck yenye ukumbi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2017. Korea Kusini ina familia: Seo Chaehyun, bingwa wa dunia wa kamba mwaka 2021, ni binti wa mwenye ukumbi. Marekani nayo, kwa ukubwa wake wote, sehemu nzuri ya nguvu zake imetoka mji mmoja wa Boulder, Colorado, kwenye klabu ya watoto iliyoanzishwa na Robyn Erbesfield-Raboutou, aliyewahi kuchukua Kombe la Dunia mara nne mfululizo. Binti yake Brooke alipata medali ya fedha Paris. Ukiuchunguza mtindo huu utakuta kila mara idadi ya kuta ni jambo la pili. La kwanza ni bingwa aliyestaafu na asiyeondoka.

Lakini nisiuonee ubao. Kuna upande mmoja wa mchezo huu ambamo ukuta usiobadilika ndio kila kitu, nao ni mbio za kupanda. Ukuta wa mbio una mita 15, umeinama nyuzi 5, na njia yake ni ileile dunia nzima. Hakuna cha kusoma wala cha kutegewa. Kuna mwondoko mmoja mrefu unaorudiwa mara elfu hadi mwili usahau kwamba unafikiri. Na tazama nani hutawala huko. Aries Susanti Rahayu wa Indonesia alikuwa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya sekunde 7, mwaka 2019, na Mwindonesia mwenzake Veddriq Leonardo alichukua dhahabu ya Paris kwa sekunde 4.75. Aleksandra Mirosław wa Poland alichukua ya wanawake, akiwa ameweka rekodi ya sekunde 6.06 katika mashindano hayohayo. Hizi si nchi zinazojaza fainali za mafumbo mafupi. Pale ambapo ukuta ni mmoja na haubadiliki, kocha makini na kuta chache za kiwango vinatosha kuifikisha nchi kileleni. Ubao wenye taa ni ndugu wa ukuta huo. Unatoa kwa ukarimu kile kinachopatikana kwa kurudia. Kile kinachopatikana kwa kukutana na usichokijua hauna.

Niligundua hilo kwa namna ya kuvunja moyo kidogo. Baada ya mwaka mmoja wa ubao nilishiriki shindano dogo la kirafiki, nikiwa na vidole imara kuliko nilivyowahi kuwa navyo. Fumbo la kwanza halikuwa na ukingo hata mmoja wa kubana. Lilitaka mtu akimbie hatua mbili kwenye bapa zilizoegemea ukuta kama mabenchi, aruke pembeni, kisha asimamishe mbembeo kwa kusukuma kwa kiganja. Nilianguka mara nyingi kuliko ninavyotaka kuziandika hapa. Msichana mmoja wa kama miaka 13, ambaye kwenye ubao wetu hawezi hata mafumbo ninayopashia misuli moto, alilitazama kwa dakika moja, akapiga hatua zile mbili hewani akiwa chini, akapanda na kulimaliza jaribio la pili.

Kuhusu watoto kama huyo, niseme jambo ambalo wauzaji wangepaswa kuliandika kwa herufi kubwa. Mifupa ya vidole vya kijana anayekua ina sehemu laini za ukuaji, na ubanaji mkali unaorudiwa wa vishikizo vidogo, achilia mbali zoezi la Güllich la kuruka vidato bila miguu, unaweza kuzipasua. Jeraha hilo linafahamika vyema kwa madaktari wa wapandaji, hasa kwenye kidole cha kati, na huanza na maumivu ya nyuma ya kiungo ambayo kijana mwenye ari huyaficha. Nchi zenye mfumo wa klabu zina mtu mzima wa kuuliza, "Kidole hicho vipi?" Ubao hauulizi. Shirikisho la kimataifa nalo limelazimika katika miaka ya karibuni kuweka kanuni za kuwapima wanaojinyima chakula ili wawe wepesi, kwa maana bidii ileile inayojenga bingwa ndiyo inayoweza kumla.

Malalamiko yangu kuhusu ubao tulionao ni ya kawaida, na sitautaja jina kwa kuwa kosa huenda ni la ufungaji zaidi kuliko la kiwanda. Taa nne zimekufa safu ya chini, na tumezikariri kama mtu anavyokariri meno aliyong'oa. Vishikizo viwili hulegea kila baada ya wiki chache, na kishikizo kinachozunguka mkononi ukiwa umejinyoosha ni njia ya mkato ya kujeruhi bega. Simu moja ikiushika ubao, nyingine hazisikilizwi, na mwenye simu akienda kunywa maji bila kuiachia, wote mnakaa mkitazama fumbo lake. Mafumbo yaliyotungwa na watumiaji ni maelfu, na sehemu kubwa yake ni takataka: mtu amewasha vishikizo, amefika juu, amelipa jina la utani. Tena mafumbo mengi huonekana kupimwa kwa mikono mirefu, hivyo mtu wa kimo kifupi hulipa nyongeza ya daraja moja ambayo haikuandikwa popote.

Je, ningeshauri ukumbi mwingine uununue? Ndiyo, kwa sharti kwamba usinunuliwe badala ya mtunzi wa mafumbo. Nimeona kumbi zikipunguza ubadilishaji wa njia kwa kuwa ubao "una mafumbo ya kutosha," na hizo zimeuza ng'ombe zikanunua kamba. Mtunzi mzuri ndiye anayewaletea wapandaji lugha mpya kila wiki. Ubao ni kamusi ya lugha moja, kamili na nzuri, isiyoongezeka neno. Kwa mpandaji mmoja mmoja, ninaupendekeza kwa aliyepita miaka miwili au zaidi ya kupanda, aliyekwisha kukua kimwili, mwenye nidhamu ya kupumzika siku mbili, na ambaye vidole ndivyo vinavyomwangusha. Kama ukumbi unaweza kumudu ule wa kubadilishwa mwinamo, auchague huo, kwa sababu unakusanya watu wa viwango tofauti mahali pamoja, na faida hiyo ninaithamini kuliko uzuri wa vishikizo. Aliye na nafasi ya faragha nyumbani achague wa vishikizo vya mbao, ngozi yake itamshukuru. Anayetaka kipimo kisicho na huruma anajua tayari kwamba MoonBoard unamngoja.

Mwezi uliopita programu iligoma kabisa kwa jioni mbili. Watu walisimama kidogo, wakaizima na kuiwasha mara tatu, kisha mmoja akachukua ufagio mrefu wa kupangusia vishikizo, akaonyesha kwa ncha yake: hapa mkono wa kushoto, hapa wa kulia, mguu huu usiuguse. Tulikuwa sita. Kila aliyelipanda fumbo alipewa ufagio aongeze mwondoko mmoja mwishoni, na aliyesahau mpangilio alirudishwa chini. Tulifika miondoko kumi na tisa, tukizunguka ubao mzima kama wezi wanaotafuta dirisha. Yule mwenzangu wa kisigino alianguka kwenye wa kumi na nane, akalala godoroni akicheka, na mkono wake uliojaa chaki ukanyoosha ufagio kwangu.